Kabla hujang'oa jino, omba ukaguliwe kiungo cha taya

Kwa miezi saba niliumwa mbele ya sikio la kushoto. Nilianza na dawa ya matone ya sikio, zikafuata dozi mbili za antibiotiki, mwisho nikang'olewa gego la nyuma ambalo halikuwa na tundu hata dogo. Maumivu yakabaki palepale. Nikitafuna mhogo wa kuchoma, taya linalia "ta!" Nikipiga miayo, linakaza. Naandika kwa ajili yako uliyeshika shavu sasa hivi, maana lile jino langu halirudi.

Aliyenifungua macho ni daktari wa meno wa tatu, na hakuanza na mashine. Aliweka vidole vyake mbele ya masikio yangu yote mawili, akasema, "Dada, fungua mdomo taratibu. Haya, funga." Akapima kwa rula nafasi kati ya meno ya juu na ya chini: milimita 31. Mtu mzima kwa kawaida hufika 40 au zaidi. Nyumbani unaweza kujipima kwa vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine. Vyangu vilipita viwili tu. Kisha akabonyeza misuli ya shavu, nikaruka kitini. Uchunguzi huo wa mikono ndio msingi wa yote. Ukiandikiwa kipimo na mtu ambaye hajakugusa taya, uliza sababu.

Ndipo akaniandikia altrasaundi ya viungo vya taya. Pale mapokezi dada aliniuliza, "Mimba ina wiki ngapi?" Simlaumu, wengi wetu tunakijua kipimo hiki kliniki ya wajawazito tu.

Daktari alinieleza kwamba kiungo cha taya ni bawaba, lakini bawaba inayoteleza. Unapofungua mdomo, kichwa cha mfupa wa taya la chini huzunguka, kisha husogea mbele. Kati yake na mfupa wa fuvu kuna kisahani cha gegedu kinacholainisha mwendo. Kisahani kikitangulia mbele ya mahali pake, kichwa cha mfupa hukirukia kila unapofungua mdomo, na hapo ndipo mlio unapotoka.

Hukatazwi kula kabla ya kipimo. Vua hereni, funga nywele nyuma, basi. Nilipakwa jeli ya baridi mbele ya sikio, wakaweka kile kifaa chenye kichwa bapa kidogo wanachotumia kutazama vitu vilivyo karibu na ngozi. Kwenye skrini mfupa ulionekana kama mstari mweupe uliopinda, nyuma yake giza tupu, na juu yake ukanda mwembamba wa kijivu: kisahani changu. Nikaambiwa nifungue mdomo. Nikauona ukiganda, kisha ukaruka, sekunde ileile niliposikia "ta!" Miezi saba niliambiwa ni sikio, na leo nakiona kitu chenyewe kwa macho yangu. Machozi yalinitoka.

Hapa ndipo altrasaundi inapofaa: inakuonyesha kiungo kikiwa kwenye mwendo, haina mionzi, na bei yake haikufika hata robo ya MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) niliyotajiwa. Kwa hiyo omba upimwe pande zote mbili, mdomo ukiwa umefungwa na ukiwa wazi. Mimi kabla ya hapo nilipimwa mahali pengine, nikalala kimya mdomo umefungwa, nikapewa majibu ya "kawaida".

Lakini usiipe sifa isizostahili. Mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa, hivyo upande wa ndani wa kiungo hauonekani vizuri. Majibu pia yanategemea sana mkono wa anayepima, kwa hiyo uliza kama amewahi kupima taya. Kisahani kikihitaji kuonekana chote, MRI ndiyo kipimo cha kutegemewa. Mfupa ukishukiwa kulika au kuvunjika, CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga tabaka kwa tabaka. Picha yenyewe pia si hukumu. Wapo watu wengi ambao visahani vyao vimehama na hawaumwi popote, hao hawahitaji tiba. Mtu akikuonyesha picha tu na kukupangia upasuaji, tafuta daktari wa pili.

Tiba yangu ilikuwa ya kawaida kabisa: vyakula laini kwa wiki kadhaa, kitambaa cha moto shavuni, dawa ya maumivu kwa siku chache, mazoezi ya taya, na kinga ya plastiki ya kuvaa usiku kwa sababu kumbe nilikuwa nasaga meno usingizini. Bablishi na miwa niliacha. Ila taya likigoma kufunguka au kufunga ghafla, au shavu likivimba ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa vidole vitatu vinapita. Mlio bado upo nikipiga miayo, mdogo, bila maumivu. Daktari amesema tuuache, nami nimeuacha.