Mshipa wa korodani ulivyonilaza, na vitu vilivyonisaidia kupona

Ndugu zangu wanaume, leo naandika kuhusu kuvimba kwa mshipa wa korodani, kitu ambacho wengi wetu tunakificha mpaka kinatuumiza vibaya. Mi nilikificha siku nne nzima. Yalianza maumivu ya kinena upande wa kushoto nikasema msuli tu umeshtuka, siku ya pili yakashuka taratibu mpaka kwenye pumbu, ya tatu nikienda haja ndogo nasikia moto, na usiku wa siku ya nne homa ikapanda nikawa natetemeka ndani ya blanketi, boksa tu ikinigusa pale najikunja. Nikapapasa kwa vidole ule mshipa unaotoka juu ya korodani kupanda kinenani, ambao siku zote ni laini na mwembamba, nikaukuta umevimba umekuwa mgumu, unene wa kidole changu kidogo kabisa.

Kilichonichelewesha ni kwamba nilishajiamulia ni ngiri, si unajua maumivu yoyote ya huko chini watu wanayaita ngiri, na karibu nianze kunywa dawa za mizizi. Kumbe mkanganyiko una sababu yake, mshipa huo unapita kwenye njia ileile ya kinena ambayo utumbo hujipenyeza mtu akiwa na ngiri. Daktari alinisimamisha akaniambia nikohoe huku ameweka mkono pale, akaona hakuna kinachosukuma kutoka. Akaniuliza maumivu yalikuja ghafla au polepole, nikajibu polepole. Hapo akanieleza kitu ambacho naomba ukishike hata ukisahau mengine yote: maumivu makali ya korodani yakikupiga ghafla, hasa kama una kichefuchefu au korodani moja imepanda juu kuliko kawaida, usisubiri asubuhi. Hiyo inaweza kuwa korodani imejisokota, damu haifiki, na una kama masaa 6 hivi ya kuiokoa kwa upasuaji. Usimeze panadol ulale, nenda usiku huohuo.

Mi nilipimwa mkojo nikapigwa na ultrasaundi, wakaona damu inapita vizuri ila mshipa na ile mirija ya nyuma ya korodani inayohifadhi mbegu vimevimba. Mara nyingi hivyo viwili huumwa pamoja. Kwa vijana mdudu anayesababisha mara nyingi huwa ni wa klamidia au kisonono, yaani magonjwa ya zinaa, kwa wenye umri mkubwa au mwenye shida ya tezi dume au aliyewekewa mpira wa mkojo mara nyingi ni bakteria wa kawaida wa njia ya mkojo, ndo maana dawa zinatofautiana na ndo maana dawa aliyopewa rafiki yako inaweza isikufae kabisa. Mimi ilikuwa klamidia. Nikachomwa sindano moja nikapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kidonge kimoja asubuhi kimoja jioni kwa siku 10. Hizo doksi zimeze na maji mengi glasi nzima, halafu usijilaze muda huohuo, mi nilimeza na funda moja nikalala, nikaamka kifua kinaungua utadhani nimemeza kaa la moto.

Sasa nyumbani. Kitu kilichonipa nafuu kuliko vyote ni taulo. Unalikunja linakuwa kama mto mdogo, unalala chali, unaliweka chini ya pumbu ziinuke zisining'inie, ule mvuto kwenye mshipa unapungua palepale, yaani nilipata usingizi wa kwanza baada ya siku tano. Barafu pia, ila ifunge kwenye kitambaa na usizidishe dakika 15 hivi, usiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Mchana nikawa navaa chupi ya kubana badala ya boksa za kupwaya.

Siku ya tatu ya dawa homa ikakata. Na kama kwako siku tatu zinapita huoni tofauti yoyote rudi hospitali usisubiri dozi iishe, inawezekana dawa siyo yenyewe au kuna usaha umejikusanya. Mimi nilipata nafuu, na hiyo nafuu ndo iliniponza. Siku ya sita nikajiona mzima nikasaidia kuhamisha kabati, jioni yake mshipa ukavimba tena nikarudi kitandani siku mbili. Kuisha maumivu siyo kupona jamani. Kuinua vitu vizito, mbio, baiskeli, viache kwanza hata kama unajiona una nguvu, na vidonge vimalize vyote.

Kilichokuwa kigumu kuliko maumivu ni kumwambia mke wangu. Nilizunguka siku nzima natafuta maneno, mwisho nikamwonyesha karatasi ya vipimo nikamwambia ukweli wote wa mambo yangu ya nyuma. Alinyamaza muda mrefu, nilistahili ule ukimya. Ila alikwenda akapimwa akakutwa nayo na yeye hajawahi kusikia dalili yoyote, klamidia inaweza kukaa mwilini miezi bila kuonyesha chochote, na kwa mwanamke inaharibu mirija ya uzazi kimyakimya. Kwa hiyo ukimficha mwenzio unamuumiza yeye, na wewe ukipona anakurudishia palepale. Yeyote uliyelala naye miezi miwili ya nyuma anatakiwa ajue, na tendo lisubiri mpaka wote mmalize dawa na dalili ziishe. Kama mwenzio ni mjamzito aseme mapema, yeye hapewi doksi, kuna dawa nyingine.

Uvimbe wangu wenyewe ulichukua wiki tano hivi kuisha. Kila nikioga napapasa, bado kuna kigumu, nikawa na hofu sana kwamba sitapata mtoto. Daktari akaniambia mshipa kuchelewa kulainika ni kawaida, uzazi unakuwa hatarini zaidi pale ugonjwa unapoachwa bila tiba au unaposhika pande zote mbili, akanipangia nirudi anikague. Wewe pia rudi ukaguliwe hata kama huumwi tena, maana kigumu kinachobaki pale baada ya wiki hizo kinahitaji kupimwa upya kujulikana ni kitu gani.