Kioo kitupu si mti usiochanua

Wadogo zangu mlioanza kazi Jumatatu, karibuni Mbale, hapa mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Kazi hii ukiieleza kijiweni watu wanacheka: unapaka kioo mafuta, unakiweka juu ya nguzo, kesho yake unakichukua na kuhesabu chembe za chavua, ule unga wa maua ya kiume, chini ya hadubini. Basi. Nimeifanya miaka tisa, kuanzia hapa mjini hadi Kapchorwa, na miwili ya mwanzo nilikuwa nikihesabu vizuri na kuelewa vibaya.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa nguzo moja kando ya shamba dogo la misonobari, hii tunayoiita paini. Siku nne mfululizo kioo kilitoka kitupu. Nikaandika daftarini, kwa kalamu tena: "Paini haijachanua." Mzee wa kituo akasoma, akaniuliza, "Kijana, juzi na jana ulivua koti saa ngapi?" Nikamwambia sikulivua kabisa, ukungu ulikuwa haujaondoka. Hakusema neno. Alikwenda shambani, akarudi na kitawi chenye vile vikoni vidogo vya kiume vinavyobeba chavua, akakilaza juu ya gazeti karibu na sigiri iliyokuwa ikichemsha chai. Kabla chai haijaisha vikombeni, akakigonga kwa kidole. Gazeti likageuka manjano.

Mti ulikuwa tayari. Ulichokosa ni ukavu. Kifuko cha chavua hakifunguki kwa kusukumwa na upepo, hufunguka kwa kukauka: ukuta wake unapoteza maji, unajikunja, unapasuka kwenye mshono wake. Hewa ikishiba maji, kifuko kinabaki kimefumba hata kama chavua ya ndani imeiva siku nyingi. Ndiyo maana mkiwa na mashaka msikitazame kioo peke yake. Kateni kitawi, kikausheni, mkigonge.

Kwa hiyo, huku kwetu siku ya kawaida ya msimu wa mvua ina dirisha dogo tu. Asubuhi kuna umande na ukungu. Kufikia saa nne jua limekausha majani, vifuko vinaanza kupasuka, na hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini inaibeba chavua. Mara nyingi alasiri wingu linajikusanya juu ya mlima, na likimwaga mchezo umekwisha. Januari na Februari dirisha hilo ni pana zaidi, ila hapo adui yenu ni vumbi. Niliwahi kutundika kioo karibu na barabara ya vumbi wanakopita wabeba mawe na bodaboda, nikapata udongo mwekundu mtupu. Kuhesabu chavua humo ni kama kutafuta chawa kwenye gunia la mtama.

Sasa upepo. Watu wanadhani kioo kikijaa paini, basi paini iko jirani. Pigeni hesabu wenyewe. Chembe ya paini ina vifuko viwili vya hewa, kama masikio ya panya, na huanguka polepole, tuseme sentimita 3 kwa sekunde. Kutoka kwenye mti wa mita 20 itachukua kama dakika 11 kufika chini. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao hautoi hata kofia kichwani, katika dakika hizo utakuwa umeisogeza kilomita 2. Na hapo nimechukulia kwamba hewa imetulia. Mchana wa jua hewa huvuruga kila kitu, chembe inapandishwa, inashushwa, inapandishwa tena, na safari inarefuka mno.

Mlimani jambo hili linazidi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo wengi huteleza. Mchana mteremko unapata joto, hewa inapanda kutoka bondeni kwenda kileleni. Usiku baridi inashuka. Miti inamwaga mchana, upepo wa mchana unapanda, kwa hiyo chavua ya msitu wa chini inaishia juu, kwenye lobelia na nyasi ambako hakuna mti wa maana. Alan Hamilton, aliyechunguza chavua za milima ya Uganda, alilazimika kulizingatia jambo hilo kila aliposoma matope ya mabwawa ya juu: chembe ya podo, mti wa msitu wa mlimani, ndani ya tope haithibitishi kwamba podo iliota pale. Nanyi mkiikuta kwenye kioo cha juu, kabla ya kuanza kumtafuta mama yake kwenye majani ya jirani, angalieni upepo ulitoka wapi.

Mvua ina mambo mawili, msiyachanganye. Mvua ya wiki zilizopita huupa mti nguvu ya kutengeneza maua. Mvua ya leo inaosha hewa. Mvua ndefu, hata ikiwa nyepesi, husafisha vizuri. Lakini dakika chache kabla ya radi, ule upepo wa ghafla unaopeperusha nguo kambani huzoa chavua iliyokwisha kutulia juu ya majani na mabati, na kioo kinaweza kujaa kabla ya tone la kwanza. Chembe zikilowa zinaweza pia kupasuka vipande vidogo vinavyoingia hadi ndani ya mapafu. Kule Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016 ngurumo ya namna hiyo ilisababisha vifo vya watu 10 wenye shida ya kupumua. Hiyo ilikuwa chavua ya nyasi, si ya miti, ila mwenye pumu kati yenu asijifanye shujaa wingu likianza kunguruma.

Chombo chenyewe: tunatumia mtindo wa Oren Durham wa mwaka 1946, sahani mbili za duara na kioo katikati, saa 24. Sahani ya juu inazuia mvua, ila mvua ya kulala upande inaingia tu. Chombo hiki kina upendeleo. Chembe kubwa huanguka juu yake kwa urahisi, ndogo zinapita. Paini hujitokeza kuliko inavyostahili, na mvule, ambao chavua yake ni ndogo sana, unaonekana maskini hata pale Busoga mvule dume unapokuwa umejaa maua. Msilinganishe namba za miti hiyo miwili kana kwamba ni kilo za sukari.

Vaseline ipakwe nyembamba. Ikiwa nene, jua la mchana linaiyeyusha na chavua inatiririka nayo hadi ukingoni.

Daftarini, kabla ya namba yoyote, andikeni umande uliondoka saa ngapi, upepo ulitoka wapi, mvua ilianza na kuisha lini. Vipo vipimajoto viwili kwenye kila nguzo, kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji. Vikisomeka karibu sawa, hewa imeshiba unyevu na hamna haja ya kushangaa kioo kikiwa kitupu.

Alhamisi tunapanda Kapchorwa, gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mje na koti, na daftari lenye jalada gumu. Langu la mwaka jana lililiwa na mbuzi pamoja na wiki mbili za Machi.