Ribiti za kugonga mwenyewe: zifanye laini kuliko bamba

Ukitaka kujua deraya ya mtu wa maigizo ya historia imepita mikono ya fundi wa namna gani, ipindue uitazame kwa ndani. Nje kuna mng'ao, na mng'ao hupatikana kwa yeyote mwenye msasa na subira. Ndani utaona kama mikia ya ribiti (vile vijiti vifupi vya chuma vinavyounganisha vipande kwa kugongwa ncha) imetandazwa sawasawa, kama kila moja imewekewa washa, yaani kipete bapa cha chuma, na kama mabamba yanacheza pale yanapotakiwa kucheza. Mimi kazi yangu ni makoti ya mabamba ya karne ya 14, yaani mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa ribiti kwenye ngozi au kitambaa, yale ya aina ya Visby, na kwenye koti la kuingia nalo uwanjani situmii tena ribiti ya dukani. Nitaeleza sababu, kisha nikupe njia ninayoitumia.

Visby ni mji wa kisiwa cha Gotland, Uswidi. Julai 1361 mfalme wa Denmark, Valdemar Atterdag, alikivamia kisiwa hicho, na wakulima waliojaribu kumzuia wakauawa kwa wingi nje ya kuta za mji. Walizikwa haraka katika makaburi ya halaiki, wengine wakiwa bado na deraya mwilini. Hilo ni jambo adimu, kwa sababu siku hizo chuma kilikuwa mali, na kwa mshindi hakikuwa kitu cha kuacha ardhini. Wachimbaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta mabaki ya makoti zaidi ya 20. Ngozi na kitambaa vilishaoza, yakabaki mabamba na ribiti zake. Ribiti ndizo zinazoonyesha bamba lipi lilipanda juu ya jingine, na nafasi kati ya kichwa cha ribiti na bamba inakupa picha ya unene wa ngozi iliyokuwapo. Kila Agosti mji huo hufanya wiki nzima ya maisha ya zama za kati. Ukibahatika kufika, tenga saa nzima kwa ajili ya mabamba yale peke yake, uyasogelee uangalie vichwa vya ribiti kimoja kimoja.

Sasa kwa nini uhangaike kuzitengeneza? Pigo likitua begani, nguvu yake lazima iishie mahali. Ribiti ikiwa ngumu kuliko kilicho pembeni yake, tundu la bamba litapanuka au ngozi itachanika. Bamba lililopanuka tundu ni kazi ya kurudi karakana, na ngozi iliyochanika wakati mwingine ni koti jipya. Ribiti ikiwa laini itajivuta, itapinda, mwisho itang'oka kichwa, na wewe utaweka nyingine palepale kwenye hema kabla chai haijapoa. Kwa hiyo katika koti zima, ribiti ndiyo inayopaswa kukubali kuharibika kwanza. Hilo nalishikilia kuliko suala la muonekano, ingawa muonekano nao naupenda.

Zile ribiti za bomba zinazovutwa kwa bunduki ya mkono usizifikirie kabisa. Ni za karne ya 20, ziko wazi ndani, na zikishindwa huacha ukingo unaoweza kumkata mwenzako. Ribiti imara za chuma zisizo na uwazi si mbaya, tatizo ni kwamba urefu wake umepangwa na kiwanda, na zimegongwa zikiwa baridi, hivyo zinakuja na ugumu fulani. Ukishindwa kutengeneza zako, nunua hizo lakini zipitishe motoni kwanza.

Kwa koti la mabamba natumia waya wa chuma laini wa mm 3. Misumari ya kawaida ya seremala pia inafaa, na huko ndiko wengi huanzia. Ila hakikisha haijapakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 hivi, na moto wa kulainisha chuma unakaribia hapo. Moshi wake mweupe ukiuvuta utaugua homa, utetemeke usiku kucha kama mwenye malaria. Msumari wenye rangi ya kijivu yenye maua maua uache kwenye mabati ya paa. Kwa mikanda na vifungo, ambako hakuna pigo kubwa, shaba nyekundu inapendeza na inatii nyundo.

Kulainisha ndiko watu wanakokimbia, na ndiko kazi yote ilipo. Funga waya katika vitita vidogo, uweke motoni (mkaa wenye vivukuto au tochi ya gesi, vyote sawa) mpaka vitita viwe vyekundu kotekote. Sumaku itakusaidia: karibu na nyuzi 770 chuma huacha kushikwa na sumaku. Kikifika hapo, kipandishe kidogo zaidi, halafu kizike kwenye ndoo ya majivu makavu yaliyopashwa moto. Usichungulie. Kiache mpaka kesho. Chuma kinacholainishwa kinataka kupoa polepole, lakini shaba nyekundu haijali: ukiitoa motoni unaweza kuitumbukiza majini hapohapo na itakuwa laini. Asubuhi jaribu waya mmoja kwa koleo. Ukikunjika bila kurudi nyuma, uko tayari. Ule ukoko mweusi unaondoka kwa kulazwa kwenye siki, kisha suuza na ukaushe vizuri.

Kifaa kinachofuata naita kalibu. Ni kipande cha chuma kigumu chenye unene wa mm 15 hadi 20, kimetobolewa tundu la mm 3.2 kwa ajili ya waya wa mm 3. Tundu lipite mpaka chini ili ribiti ikigoma kutoka uisukume kwa panchi nyembamba. Mdomo wa tundu upanue kidogo sana, uondoe ile kona kali tu, maana kona kali hukata shingo ya ribiti na siku ya pigo kichwa kitaruka. Chini ya kalibu weka pini fupi ya chuma inayoingia ndani ya tundu, ndiyo itakayoamua urefu wa ribiti. Badilisha pini, upate urefu mwingine. Hapo ndipo utaona raha ya kazi hii: ngozi nene, ngozi nyembamba, mabamba mawili au matatu, kila mahali unapata ribiti ya kipimo chake.

Bana kalibu kwenye vaisi. Kata waya, sawazisha ncha kwa tupa, utumbukize, uache juu mm 4.5 hivi, yaani mara moja na nusu ya unene wake. Pigo la kwanza lishuke wima kabisa, kwa uso bapa wa nyundo, la kuinenepesha ncha tu. Tazama: ikiegemea upande mmoja, usiigonge ubavuni. Pigo linalofuata lipeleke kwa mshazari kutoka upande inakoegemea, nayo itarudi katikati. Kisha zunguka ukingoni kwa mapigo madogo, ukikibembeleza kichwa kuwa cha mviringo. Ukitaka vichwa vinavyofanana, chukua fimbo ya chuma, ipashe ncha mpaka iwe nyekundu, uipigilie gololi ya beringi ili ibaki na kikombe kidogo. Kikombe hicho ndicho utakachokiweka juu ya kichwa kwa pigo la mwisho. Vichwa vikitofautiana kidogo, acha hivyo.

Mkono huu wa nyundo nyepesi niliuona utotoni Nairobi, kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaogonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Nyundo haibanwi, inaachiwa ijiinue yenyewe, na fundi anaweza kwenda hivyo kutwa nzima. Nimekutana na waigizaji Ulaya wenye vitabu rafu nzima kuhusu deraya, lakini wanaishika nyundo kana kwamba itatoroka. Wangenufaika sana na siku moja pale.

Wakati wa kufunga ribiti kwenye koti, kichwa kiwe nje na mkia ndani. Upande wa mkia ukiangukia ngozi, weka washa, hata kipande cha bati cha pembe nne ulichokata mwenyewe. Bila washa ribiti itapita kwenye ngozi. Acha mkia wa mm 3 hadi 4.5 juu ya washa, kichwa kikae kwenye kikombe cha chuma ili kisibondeke, kisha gonga mkia taratibu. Panapotakiwa kucheza, kama viungo vya kiwiko, chomeka kadibodi nyembamba kati ya mabamba mawili kabla ya kugonga. Ukimaliza, ivute itoke, na nafasi yake ndiyo itakayoruhusu bamba kuteleza. Ukisahau kadibodi utapata mkono usiokunjika.

Kuna wanaopaka vichwa bati (ile metali nyeupe, tin, si bati la paa), na kwa vizibao vya mabamba madogo vya karne ya 15, vyenye ribiti nyingi zilizopangwa tatu tatu kama pembetatu, vichwa vilivyopakwa bati ni sahihi kabisa kihistoria. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, hivyo halitabadilisha ulaini wa chuma. Paka kabla ya kufunga ribiti, kwa sababu ngozi haitavumilia joto hilo.

Baada ya kila pambano pitisha kidole ndani ya koti zima. Ribiti inayozunguka au kutikisika imechoka, itoe. Usiitoboe kwa drili kutokea mbele, drili itateleza iharibu bamba. Saga mkia kwa tupa mpaka washa ilegee, kisha isukume kwa panchi kutokea ndani. Tundu likiwa limeshapanuka, ribiti ya mm 3 haitashika hata ukiigonga vipi. Lisawazishe, tumia ya mm 4, na iwe imelala kwenye majivu kama zile nyingine.