Ruzuku za mashinani: maswali yenu, majibu yangu

Tangu nigusie habari za wakfu za jamii, zile taasisi zinazokusanya fedha za watu wengi na kuzigawa kwa vikundi kama ruzuku, maswali yamekuwa mengi. Leo nayajibu matano.

*Kikundi chetu cha akina mama hujenga mabwawa ya mchanga. Tuna cheti cha kikundi tu, tukaambiwa ruzuku ni za mashirika. Ni kweli? (Mwingi, Kitui)*

Mama, aliyewaambia hivyo amewavunja moyo bure. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, watu kumi wanatosha kusajili kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na cheti hicho ni halali. Wapo wafadhili wanaofanya kazi na vikundi vya mashinani, KCDF, yaani Wakfu wa Maendeleo ya Jamii wa Kenya, iliyoanzishwa 1997, ikiwa mmojawapo. Ila someni tangazo mpaka mwisho. Wengine hutaka shirika la manufaa ya umma, lililosajiliwa chini ya sheria iliyoanza kutumika Mei 2024. Hapo tafuteni shirika lenye usajili huo liwapokelee fedha, na muandikiane mkataba mapema: litakata asilimia ngapi, litawafikishia fedha baada ya siku ngapi, nani ataandika ripoti. Kujuana kanisani hakutoshi.

*Mfadhili anataka tuchangie asilimia 20. Tuko thelathini, hatuna kitu. Tuache? (Msambweni, Kwale)*

Msiache. Ulizeni kwanza kama mchango lazima uwe taslimu, maana wengi hukubali kazi, mchanga, mawe, hata kiwanja. Tuseme mradi mzima ni shilingi 600,000. Mchango wenu ni 120,000. Watu thelathini wakichimba msingi siku mbili kwa wiki, kwa wiki nne, hizo ni siku 240 za kazi. Kibarua kwenu akilipwa 500 kwa siku, hesabu imetimia na hakuna aliyetoa senti mfukoni. Lakini siku ambayo haikuandikwa haikufanyika! Nunueni daftari, kila jioni jina na sahihi, asiyeandika atie kidole gumba. Na bei ya kibarua iwe ile ya kijijini kwenu, msiipandishe ili hesabu ikae. Anayekuja kukagua atamuuliza mtu wa kwanza atakayekutana naye njiani.

*Kijana mmoja anasema atatuandikia ombi, tumpe asilimia 10 ya ruzuku ikitoka. Mwingine ametuma ujumbe kwamba tumeshapata, tulipe 3,500 za kufungua faili. (Voi)*

Huyo wa faili ni tapeli, futa ujumbe wake. Hamkuomba, mmepataje? Huyo kijana anaweza kuwa mtu mwema, lakini mlipeni ujira wa kazi yake, mliokubaliana kabla na utoke kwenye akiba yenu. Asilimia ya ruzuku mtaiandika wapi kwenye ripoti?

*Tumekataliwa mara tatu bila maelezo. Tunakosea wapi? (Ugenya, Siaya)*

Ombi lenu sijaliona, kaka, ila nimewahi kukaa kwenye jopo la kusoma maombi. Moja lilikuwa la mbuzi wa maziwa, limeandikwa kwa ufasaha mno, “uwezeshaji” kila mstari. Nikafika kwenye bajeti: mbuzi kumi, kompyuta mbili, semina ya siku tatu mjini. Dawa ya minyoo hakuna, chanjo hakuna. Tukatazama watia sahihi wa benki, tukakuta mwenyekiti, mkewe na binti yao. Likawekwa kando. Ombi lililofaulu lilikuwa kurasa nne za mwandiko wa mkono, na nyuma yake kumbukumbu za mkutano ambapo wanachama walibishana vikali nani atakamua Jumapili. Watu hawabishani hivyo kwa jambo wasilokusudia kulifanya. Hapo ndipo nilipotoa alama zangu. Basi pitieni bajeti yenu mstari kwa mstari, kisha mpigieni mfadhili mumuulize sababu. Wengine hueleza wakiulizwa kwa upole.

*Kwa nini ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja, halafu tunaachwa njiani? (Msambweni tena)*

Kwa sababu mfadhili naye mara nyingi anagawa alichopewa mwaka huo. Dawa mnaijua huko Pwani kuliko mimi: minazi ya wakfu. Unaangua nazi, mti huuzi. Wakfu wa jamii wa kwanza, ulioanzishwa Cleveland, Marekani, 1914 na mwanabenki Frederick Goff, ulifuata njia hiyo hiyo, mtaji ukae, faida yake itumike. KCDF nayo imekuwa ikisaidia jamii kujenga mifuko ya namna hii. Harambee zetu tumezizoea za siku moja, pesa inahesabiwa mbele ya turubai na Jumatatu imekwisha. Tengeni sehemu, hata ndogo, isiyoguswa.

Mmoja ameuliza kwa simu afanyeje na muuza kokoto asiyetoa risiti. Andika hati ya malipo: tarehe, kiasi, bei, jina, simu, sahihi yake na ya shahidi. Lipa kwa M-Pesa, unakili namba ya muamala humo humo. Usifute ujumbe mpaka mkaguzi apite.