Mama Hakohoi kwa Sababu ya Uzee

Safu ya Afya: Daktari Anawajibu Wasomaji

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mkulima wa tumbaku katika Wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 67, na katika maisha yake yote hakuwahi kuugua pumu, wala katika ukoo wetu simjui aliyewahi kuiugua. Tangu kiangazi kilichopita anabanwa kifua usiku, kifua kinapiga miluzi, na mara nyingi huketi kitandani hadi majogoo. Mchana hupata nafuu, ila akiingia jikoni hali hurudi. Majirani wanasema ni uzee tu. Zahanati walimpa pampu ya bluu ya kuvuta dawa kifuani, lakini anaitumia kwa kuibania ili isiishe mapema. Anatumia pia dawa ya shinikizo la damu iitwayo propranolol, aliyoinunua dukani baada ya kuelekezwa na mtu. Mama ni mjane, anaishi na wajukuu watatu, na yeye ndiye anayewapikia. Je, pumu inaweza kumwanza mtu akiwa mzee? Na kama inaweza, imetoka wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo moja kabla ya swali lako lenyewe, kwa kuwa halisubiri. Propranolol ni dawa nzuri kwa wanaostahili kuitumia, lakini kwa mtu mwenye pumu huweza kubana mirija ya hewa, na zaidi ya hapo huizuia ile pampu ya bluu isifanye kazi yake ipasavyo. Mama asiikatishe mwenyewe nyumbani, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuudhuru moyo. Mpeleke kesho asubuhi kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi, ili daktari ambadilishie dawa ya shinikizo. Matone ya macho ya timolol, wanayopewa wazee wenye presha ya macho, yana hatari iyo hiyo, na wagonjwa wengi hawaoni sababu ya kumtajia daktari wa kifua dawa ya macho. Dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo huamsha pumu kwa baadhi ya watu, hasa wale iliowaanza ukubwani. Kwa maumivu ya viungo, parasetamoli ndiyo iliyo salama zaidi kwao.

Sasa swali lako. Ndiyo, pumu inaweza kumwanza mtu akiwa na miaka 60, 70 hata zaidi, na hakuna sharti kwamba lazima awepo mwenye pumu katika ukoo. Pumu ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya mirija ya hewa: kuta za mirija huvimba, misuli inayoizunguka hukaza, makohozi mazito huongezeka, na hewa inayotoka ikipita katika nafasi hiyo nyembamba ndiyo inayotoa ile miluzi uliyoisikia. Hubana na kuachia, na huzidi usiku na alfajiri. Kwa mzee kuna ugumu wa ziada, kwamba mwili wake haumpi taarifa mapema kama wa kijana. Mirija inaweza kuwa imebana sana naye akasema amechoka tu, au akapunguza mwendo wa kwenda kisimani bila kumwambia mtu. Hapo ndipo neno "uzee" linapofanya madhara makubwa, maana hufunga mjadala kabla ya kipimo chochote. Uzee hupunguza nguvu za mapafu, lakini haupigi miluzi.

Nikisoma barua yako naona visababishi si kimoja, na kilicho karibu zaidi ni moshi wa jiko. Ingia katika jiko la mama yako uinue macho kwenye paa: utaona masizi yanayoning'inia kama nyuzi nyeusi. Yale yaliyoshika kwenye paa ni sehemu tu ya moshi. Chembe ndogo kabisa, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, yaani ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, hazionekani kwa macho na hufika hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo, ilhali katika jiko lililofungwa linalowaka kuni kiasi hicho hufikia mamia. Mama amekuwa akiinamia mafiga tangu alipokuwa msichana, akichemsha maharage na viazi vya matobolwa vinavyotaka moto wa saa nyingi, na mapafu hayasahau. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na hewa iliyochafuliwa ndani ya nyumba, na sehemu kubwa ya hewa hiyo chafu hutoka jikoni.

Hukuniambia, lakini kwa kuwa ninyi ni wakulima wa tumbaku naamini mama amechochea bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto, kwa miaka mingi. Kukausha tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la tanuri, huchukua takriban juma zima la moto usiozimwa, mchana na usiku, na mtu anayelala kando ya tanuri ili kuongeza magogo huvuta moshi wa kuni muda wote huo. Kisha hufuata kazi ya kupanga majani kwa madaraja ndani ya ghala, ambako vumbi la tumbaku hupaa kila fungu linapokung'utwa. Ongeza viuatilifu vinavyopulizwa shambani bila barakoa. Kazi hizo kwa kawaida huitwa nyepesi na hupewa wazee na wanawake. Si nyepesi kwa mapafu, na ninakuomba kwa dhati kwamba msimu ujao mama asikaribie bani wala ghala, hata kama mikono haitoshi.

Chumba cha kulala nacho kina yake. Mto wa sufi wa miaka mingi na godoro lisiloanikwa hujaa vumbi na wadudu wadogo wasioonekana ambao kinyesi chao huamsha pumu. Ukuta wenye unyevu wakati wa masika huota ukungu. Na dawa ya mbu ya kuchoma, pamoja na koroboi, huongeza moshi mahali ambapo mtu analala kwa muda wa saa nane. Chandarua hufanya kazi ya kuzuia mbu bila moshi. Na kiangazi cha Tabora, chenye vumbi jekundu mchana na baridi kali alfajiri za mwezi wa Juni na Julai, hukuta mirija iliyokwisha kuvimba na kuibana zaidi.

Ningeweza kuishia hapo na ungeona nimejibu, lakini kuna upande ambao kipimo cha kifua hakiuonyeshi. Mama ni mjane, ana wajukuu watatu wa kulisha, na anaibania dawa. Mtu anayeishi hivyo hawezi kukaa mbali na moshi kwa kuambiwa tu akae mbali, kwa sababu hakuna mwingine wa kupika. Huzuni ya kufiwa na upweke huweza kuzidisha pumu. Wasiwasi huathiri namna mtu anavyopumua, na aliyekata tamaa huacha dawa bila kumwambia mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu 455,000 walikufa kwa pumu duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha ngazi ya chini, ambako ugonjwa hautambuliwi wala kutibiwa ipasavyo. Umaskini, kwa hiyo, ni kisababishi kama moshi ulivyo kisababishi.

Kuna jingine ambalo sisi wa Unyamwezi na Usukuma tunalijua na hatulisemi kwa sauti. Moshi ule ule unaobana kifua huyafanya macho ya bibi kuwa mekundu, na macho mekundu yamewaponza vikongwe wengi katika mikoa yetu kwa kudhaniwa wachawi. Mwanamke mzee anayelijua hilo hujificha: hataki aonekane akikohoa usiku, hapendi kwenda zahanati peke yake, na hubaki mle mle jikoni ambamo moshi unammaliza. Ninaliandika waziwazi ili mwenye kusoma amsomee na jirani yake: macho yale yameunguzwa na moshi, na kikohozi kile kina dawa. Ukimpeleka mama hospitalini mchana kweupe, ukatembea naye barabarani, umemtibu nusu.

Huko hospitalini omba apimwe nguvu ya kupuliza hewa kabla na baada ya dawa ya kutanua mirija, na moyo wake uchunguzwe pia, kwa kuwa moyo uliochoka huweza kuleta miluzi ya usiku inayofanana sana na pumu. Ikithibitika ni pumu, mueleze mama kwamba pampu ya bluu hutuliza tu. Uvimbe hutibiwa na pampu nyingine yenye dawa ya steroidi, kama beklometazoni au budesonaidi, inayotumiwa kila siku hata akijisikia mzima, akisukutua mdomo kwa maji kila amalizapo. Ana zaidi ya miaka 60, hivyo kama hana uwezo uliza dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu, na uende na barua ya serikali ya kijiji.

Jiko lenyewe lianze kubadilishwa wiki hii, bila kusubiri fedha za mtungi wa gesi. Toboeni ukuta upande wa juu, pande mbili zinazotazamana, moshi upate njia. Kuni ziwe kavu kabisa. Maharage yalowekwe usiku kucha ili yaive upesi. Na mjukuu mkubwa asiachiwe moto peke yake, kwani mapafu yake nayo ni mapafu. Jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi ni hatua nzuri, na gesi ni nzuri zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, lakini mama yako hana miaka yote hiyo ya kungoja. Ukiuza tumbaku msimu huu, mtungi utangulie mabati.

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 72, ni mstaafu wa reli, anaishi peke yake katika chumba cha kupanga hapa Tabora mjini. Alifanya kazi ya kuchomelea vyuma, alivuta sigara na akaacha, na aliwahi kutibiwa kifua kikuu akapona. Sasa ana pumu, ila pampu haimsaidii. Wakati wa baridi huingiza jiko la mkaa chumbani. Tufanye nini?

JIBU: Jiko la mkaa litoke chumbani leo. Mkaa hauna moshi mwingi wa kuonekana, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na kwa kifua cha baba yenu hatari ni maradufu. Mnunulieni blanketi zito.

Sigara, moshi wa kuchomelea na makovu ya kifua kikuu vyote huweza kuacha mirija iliyobana kabisa, isiyoachia kama ya pumu, na mzee huweza kuwa na mbano huo na pumu kwa pamoja. Kama anakohoa kwa wiki mbili au zaidi, makohozi yapimwe upya, kwa sababu aliyepona kifua kikuu anaweza kukipata tena. Aende na kadi yake ya matibabu ya zamani.

Kabla ya kusema pampu haifai, mtazameni anavyoitumia. Wazee wengi wenye vidole vilivyokakamaa hubonyeza wakati mmoja na kuvuta wakati mwingine, na dawa huishia ulimini. Chukueni chupa safi ya plastiki ya nusu lita, pasheni waya moto, toboeni kitako tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, ichomekwe humo bila kuacha mwanya. Pampu itikiswe, abonyezewe mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara tano kupitia mdomo wa chupa, kisha arudie. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, apewe mibonyezo minne hadi kumi ya pampu ya bluu kwa njia hiyo mkiwa tayari njiani kuelekea hospitalini. Kwa kuwa analala peke yake, jirani wa mlango wa pili naye afundishwe, na apewe namba zenu za simu.