Kihisi cha sukari katika joto la Oktoba: ngozi yetu inashika

Wiki iliyopita nilibandua kihisi changu, kile kifaa kidogo kinachobandikwa mkononi kupima sukari ya mwili, kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha. Siku zake 14 kilizimaliza zote mkononi mwangu, katika Oktoba ya Lubumbashi, mbele ya mbabula, jiko letu la makaa. Nilikipiga picha nikamtumia yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliye Liège, Ubelgiji, maana yeye ndiye anayeninunulia vifaa hivi, naye akanipigia simu kwa furaha. Siku hiyohiyo mama mmoja wa Likasi akaniandikia. Mtoto wake ana ugonjwa wa sukari, amepata kihisi cha kwanza kupitia kwa mjomba wake, na kimebanduka akicheza mpira. Anauliza kama ni kweli kwamba vitu hivi haviwezi kukaa katika joto letu. Mama, nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Swali hilo nalifahamu vizuri. Nilipoanza kutumia kihisi, mhudumu wa kliniki moja alikiona changu kimeinuka upande mmoja, akasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: "Hivi ni vitu vya Wazungu. Ngozi yetu ina jasho sana, haivishiki." Watu wakacheka. Neno lile linaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimesimama pale na kitu ambacho ndugu yangu amekilipia kwa kazi ya usiku, naambiwa kosa ni ngozi niliyozaliwa nayo.

Kihisi kikishatoka ndiyo basi. Kina uzi mwembamba wa kama milimita 5 unaokaa chini ya ngozi na kupima sukari katika majimaji yaliyo kati ya seli. Uzi huo ukichomoka haurudishwi. Unafungua kingine, kama unacho. Mimi kingine sikuwa nacho. Nilirudia kutoboa kidole huku nikiendelea na malewa yangu, yaani mgahawa wangu mdogo, kusonga bukari (ugali) ya watu wa mchana, vidole vinawaka kila nikishika pilipili.

Kilichonifungua macho ni chupa ya glisirini. Huku Katanga, baridi ya Juni ikianza na ngozi kukauka, kila nyumba ina chupa yake, na tunajipaka kila tukitoka kuoga. Mtoto asiyepakwa mafuta, majirani watamsema mama yake. Ni desturi nzuri, sina ubaya nayo. Lakini gundi haishiki penye mafuta, iwe Lubumbashi au Liège. Jasho lilikuwa linamalizia tu kazi ambayo mafuta yalikwisha kuianza.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuweka kihisi kipya, mkono utakaokibeba haupati mafuta ya aina yoyote. Naweka Jumamosi jioni, kwa sababu Jumapili malewa hayafunguliwi na sitasimama kwenye moto. Naosha nyuma ya mkono kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala manukato mengi, nasuuza vizuri, nafuta kwa alkoli, halafu nasubiri pakauke penyewe. Hapo pa kusubiri ndipo watu wengi wanapokosa uvumilivu. Wanapuliza kwa mdomo, wanapangusa kwa kitenge, na kitenge kina mafuta yake na vumbi lake. Subiri! Kisha bandika, ukandamize kingo zote kwa kiganja, na usioge usiku huo. Gundi inashika polepole, inahitaji saa kadhaa bila maji wala jasho.

Juu yake naweka sparadra (plasta) ya kitambaa, ile inayovutika ambayo wanamichezo hujifunga kwenye misuli. Nakata mviringo, maana pembe kali hunaswa na mikono ya nguo na kuinuka. Kingo za sparadra usizivute unapobandika. Ukizivuta zitarudi zenyewe na kubanduka. Na kwa sisi tunaotumia kihisi cha aina ya Libre, katikati ya kihisi pana kitundu kidogo cha hewa ambacho hakifunikwi, hivyo toboa sparadra hapo. Iweke siku ya kwanza. Ukingoja mpaka ukingo uinuke, vumbi letu jekundu limeshaingia chini, na hapo hata sparadra ya bei kubwa haitakusaidia.

Maji yenyewe usiyaogope sana: Libre 2 imetengenezwa kuvumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30, sembuse kuoga kwa ndoo. Kinachong'oa ni dodoki na taulo. Pita pembeni, kausha kwa kugusagusa. Na mtoto asikilalie usiku, kwa sababu kikigandamizwa kinaweza kuonyesha sukari imeshuka kumbe haijashuka. Mwili ukisema jambo moja na kihisi kikisema jingine, toboa kidole.

Mama wa Likasi, angalia pia ngozi ya mtoto. Baadhi ya watu waliovaa Libre za awali walipata mzio, na kemikali moja ya gundi, isobornyl acrylate, ilitambuliwa kuwa chanzo. Ukiona malengelenge au wekundu unaosambaa, usifunike kwa sparadra ukisema kitaisha. Toa, umpeleke kwa daktari.

Wazazi, nisikilizeni. Msikubali mtoto aambiwe mwili wake haufai kwa dawa au kifaa, na msikubali akifiche kwa aibu. Mwambieni kocha wake na walimu wake ni kitu gani. Siku ya mpira afungwe bendeji laini ya kuvutika juu ya sparadra, isiyobana, na ifunguliwe mchezo ukiisha. Muda ukifika msikivute kwa nguvu: pakeni mafuta ya kupikia kuzunguka kingo, ngojeni gundi ilegee, mkibandue taratibu kuanzia pembeni, na kipya kiende mkono wa pili ili ule wa kwanza upumzike.