Serikali iliyovunjika kabla ya kukanyaga bunge

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma historia chuo, tumefundishwa Lord Goderich wa Uingereza alishika uwaziri mkuu Agosti 1827, Januari 1828 akaachia ngazi huku analia mbele ya mfalme, bunge halijakaa hata siku moja. Mwalimu anasema alikuwa dhaifu tu, basi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Udhaifu ulikuwepo, siwezi kukataa, ila ukiishia hapo unamuonea yule mzee. Anza na Lord Liverpool, waziri mkuu aliyekaa karibu miaka 15 na baraza lililogawanyika vibaya kuhusu Wakatoliki kuruhusiwa kuingia bungeni, waziri wake Canning anataka, wenzake Peel na Eldon hawataki kabisa. Dawa yake ilikuwa kila waziri aseme na kupiga kura anavyotaka kwenye hilo swala, serikali yenyewe haina msimamo. Februari 1827 akapata kiharusi, Canning akapewa nafasi, kina Wellington, Peel na Eldon wakagoma kufanya nae kazi, ikabidi awavute Whig (chama cha upinzani) wa Lord Lansdowne. Agosti 8 Canning nae akafa.

Sasa Goderich kaachiwa mseto ambao sio yeye aliyeupatanisha, alafu mfalme George IV akamchagulia waziri wa fedha, Herries, mtu ambae Whig hawakumtaka hata kumsikia. Lansdowne alitaka kujiuzulu palepale, mfalme mwenyewe ndo akamtuliza. Kwangu mimi serikali iliumia hapo, maana kila waziri alishaona ukitaka kitu unapita kwa mfalme, waziri mkuu unamruka.

Kilichokuja kuimaliza ni kitu kidogo sana, nani awe mwenyekiti wa kamati ya bunge ya fedha. Tierney, ambae ni Whig, akapendekeza Lord Althorp na Althorp mwenyewe akafuatwa, Herries ndo waziri wa fedha na hakuna aliyemuuliza, kaja kujua baadae. Akasema Althorp akikaa mimi natoka, Huskisson aliyekuwa anaiongoza serikali bungeni nae akasema asipokaa natoka mimi. Hapo waziri mkuu alitakiwa awaite wote wawili aamue siku ileile, Goderich akaliacha likasogea hadi Januari. Na Desemba alishamwandikia mfalme anataka Lord Holland na Lord Wellesley waingie barazani, mwishoni akaongezea maneno ambayo wenzake hawakuyaona, kwamba kachoka na hali ya nyumbani ni mbaya (mkewe alikuwa mgonjwa wa wasiwasi, walishafiwa na mtoto), mfalme akaichukua kama barua ya kujiuzulu akaanza kutafuta mtu mwingine!

Kwahiyo muulize mwalimu wako Herries aliletwa na nani. Maana hata Wellington, jenerali mzima, aliyekuja kuwa waziri mkuu baada ya Goderich, alipowachukua Herries na Huskisson wote wawili ilibidi amtoe kwanza Herries kwenye fedha, Whig akawaacha nje, na bado kufika Mei 1828 Huskisson na wenzake walishaondoka.